Benchi la Mbele

Kamene, funga mlango, keti karibu na kaka yako. Na wewe Kyalo usiniambie nipumzike, nitapumzika vya kutosha. Nyumba hii ya mtaa wa Lucky Summer ni yenu wawili, asimfukuze mmoja mwenzake. Tezo na patasi zangu mpelekeeni seremala mwenzangu Muasya pale sokoni Kariokor. Hayo ndiyo mepesi.

Waumini huniita mzee aliyefumbuliwa macho na Roho. Ni uongo, wanangu. Mama yenu alipokufa sisi tukiwa bado tumefunga kwa ajili yake, imani iliniisha, na Jumapili watu wakifumba macho kuomba, mimi niliyakodoa nikitafuta mwingine anayejifanya kama mimi. Ndivyo nilivyomwona Ochola akitoka na spika begani. Nikapaza sauti, mwizi, na kusema kweli nilifurahi kupata mtu wa kukasirikia.

Mchungaji hakufika hata amina. Kwaya ilimwangusha mlangoni, akina mama wakavua viatu, mtu akamtwanga kichwani kwa betri ya gari, nami nikang'oa mguu wa benchi la mbele, nililolichonga mwenyewe, nikampiga mdomoni kwa sababu alikuwa akijaribu kusema kitu. Meno yake yaliokotwa kwenye kikapu cha sadaka. Alichokuwa akisema ni kwamba yeye ni fundi, ametumwa na mke wa mchungaji aitengeneze spika. Huyo mama alikuwa chooni. Aliporudi alitukuta tunaimba wimbo wa shukrani, na Ochola amekwisha kufa.

Jumapili iliyofuata nikafanywa mzee wa kanisa. Nikaambiwa nitengeneze benchi, nikalirudishia mguu uleule. Miaka tisa nimelikalia.

Jeneza langu liwekeni juu yake. Mwiteni Millicent, mjane wa Ochola, anayeuza dagaa wa omena kule mtaani Baba Dogo, akae mbele. Mchungaji akisema tufumbe macho, Kyalo usifumbe. Simama uyaseme haya yote. Wanaweza kukupiga, kwa hivyo Kamene, siku hiyo mlango wa kanisa uache wazi.

Maji kidogo... Asante.

Kyalo, ulikuwa kwenye kwaya. Nilikuona ukimshika Ochola miguu. Sikukuuliza, nawe hukuniuliza, tukaenda nyumbani tukala. Taja jina langu kwanza, kisha lako.

Nimetafuta wa kumwomba awabariki, sijampata. Basi nawabariki mimi, kwa mikono hii... Kamene, mwanangu, barikiwa. Kyalo, lete mkono. Huo huo. Usiuvute... nishike.