Nafasi ya Ukutani

Benchi letu liko mbele ya geti la kiwanda cha sabuni. Mimi nauza kahawa hapo, mtoto mgongoni, na mara nyingi nasikiliza tu. Upande wa ukutani, pale mtu anapoweza kuegemea, hatukai. Tunapaacha wazi, mkubwa akipita apate pa kukaa. Wazoefu ni watatu: Mlinzi wa geti, Dereva wa wakurugenzi, na fundi viatu tunayemwita Profesa. Asubuhi ile habari ilikuwa moja. Dada Kaimu, aliyeshikilia umeneja miaka mitatu na kukiinua kiwanda kilipokuwa hoi, amenyimwa cheo. Cheo amepewa bwana mmoja mrefu, mgeni kabisa.

PROFESA: Ni sauti. Yule bwana akikohoa tu, unadhani ametoa amri.

DEREVA: Acha hizo, Profesa. Kukohoa ni kifua.

PROFESA: Na viatu je? Kisigino kikilia ko, ko, ko, watu wanajipanga wenyewe. Dada Kaimu anavaa raba. Nani atamwogopa mtu asiyesikika akija?

MLINZI: Mimi nasema ni urefu. Kule juu hewa ni safi, akili inafanya kazi vizuri.

DEREVA: Basi mlingoti wa bendera ungekuwa mkurugenzi.

Tukacheka. Dereva mwenyewe hakucheka.

MLINZI: Leo una nini, kaka? Kahawa inapoa.

DEREVA: Wakurugenzi waliniuliza garini: Wewe unakaa na watu, kati ya wale wawili nani anafaa? Nikasema yule mrefu.

PROFESA: Wewe? Ulipogonga gari ukafukuzwa, nani alikupigania ukarudi kazini?

DEREVA: Ni yeye, Dada Kaimu.

PROFESA: Sasa?

DEREVA: Sasa ndiyo hivyo. Yule bwana nilimwona siku moja tu. Nikaona anafanana na bosi.

MLINZI: Usijibebeshe peke yako. Siku ya usaili yule bwana alikuja kwa miguu, nikamfungulia geti zima. Dada Kaimu miaka yote anapita kimlango cha pembeni, anainama.

PROFESA: Mlishamzoea, ndiyo shida yenu.

MLINZI: Na wewe? Hapa ukutani ulimkaribisha lini? Si anakunywa amesimama kila siku?

Profesa akaangalia ndani ya kikombe chake.

Kimlango cha pembeni kikafunguliwa. Dada Kaimu akatoka ameinama, amebeba feni yake ndogo ya mezani, ile aliyojinunulia mwenyewe. Akavuka barabara, akaja kwetu. Wote watatu wakasimama kwa mpigo. Dereva akapangusa nafasi ya ukutani kwa mkono wa shati.

Dada Kaimu akawatazama, kisha akageuka kuangalia barabara nyuma yake.

— Shikamoo, Profesa. Habari zenu, kaka zangu. Mbona mmesimama, nani anakuja?

Hata shikamoo yake haikuitikiwa.

Nikammiminia kahawa. Akainywa amesimama, kama siku zote, feni ikiwa chini karibu na miguu yake.