Mpunga wa Wilibrodi na Vibarua Watatu wa Simuni

Benchi la Alfonsi fundi viatu, karibu na stendi ya Sumbawanga, limepungukiwa mguu mmoja. Mahali pake pana tofali, na juu yake huketi watu wasiokubali kushindwa hoja. Asubuhi hiyo ya baridi, kahawa ikifuka, Wilibrodi alishika simu kwa mashaka. Mpunga wake wote wa mwaka ulikuwa umeanikwa Mtowisa, kule bondeni, na shemeji yake alingoja neno moja: auache nje siku mbili zaidi, au aufunge kwenye magunia leo.

— Nimeajiri vibarua watatu wa akili unde, humu simuni, alisema. Mmoja anatazama mvua, mmoja bingwa wa kukausha nafaka, mmoja anaandika ujumbe.

— Wamesemaje?

— Wa mvua: jua siku tatu. Wa kukausha: basi uache nje. Wa ujumbe ameshaandika, bado kutuma tu.

— Hawana mwenyekiti, alisema Alfonsi, ambaye kijiweni huitwa Katiba. Kikundi bila mwenyekiti ni genge.

— Maksai wangu wana mwenyekiti? aliuliza Ngeleja mfugaji. Wanalima kwa sababu wanalala zizi moja, wakajuana harufu. Hao wa Wili wamejuana lini?

— Basi kila mmoja anunuliwe simu yake, wasioneane wivu, alisema Katiba. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo kila kidole kipewe chawa wake!

— Katiba, methali hiyo umeibandika kwa gundi ya viatu!

— Tuma, Wili, kahawa inapoa, alihimiza Katiba.

Fortunata, muuza samaki wakavu kutoka Muze, alikuwa ndiyo kwanza ametua ndoo yake.

— Samahani, kaka zangu. Huyo wa mvua anatazama mvua ya wapi?

— Wa ujumbe anajua ni Mtowisa, alisema Wilibrodi.

— Nimeuliza wa mvua.

Wilibrodi alipekua simu: kibarua yule alikuwa ametazama anga la pale pale kwenye benchi. Akamtajia Mtowisa, na jibu jipya akalipeleka kwa mwenzake wa kukausha. Mvua bondeni, mchana. Funga magunia.

Ujumbe hakuungoja, alimpigia shemeji.

Saa saba shemeji alipiga simu. Gunia la mwisho limeingia ndani, na matone yanagonga bati.

Birika lilibakiwa na kahawa ya kikombe kimoja tu. Katiba akanyoosha mkono.

— Ngoja, alisema Wilibrodi, akimpa Fortunata. Mwenyekiti kwanza.