Bwana Dunn Tuliyemchoma Moto

Mchungaji, ndugu, jamaa na majirani wa Askerdale, mimi Amos Garthwaite, binamu wa marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea historia yake, na tunaisoma hapa sebuleni kabla jeneza halijatoka kwa sababu wanawake wetu hawafiki makaburini, na mdogo wake Dinah ameomba aisikie kwa masikio yake mwenyewe.

Marehemu Keturah Garthwaite alizaliwa tarehe 3 Machi 1811 katika nyumba hii ya kasisi, akiwa binti wa kwanza wa Mchungaji Josiah Garthwaite na marehemu mkewe Hannah, akafundishwa na baba yake, Kilatini kikiwemo, kisha mwaka 1829 akaenda Halifax kufundisha watoto wa mwenye kiwanda cha sufu, akarudi Aprili 1833 mama yake alipofariki, akashika funguo za nyumba pamoja na Dinah. Hakuolewa, ingawa kasisi msaidizi mmoja alimposa mwaka 1837, wala hakujaliwa watoto.

Kuhusu kazi, nilikuwa nimeandika kwamba marehemu hakuwa nayo, alikaa nyumbani kwa utulivu, na juzi nilipomsomea Mchungaji, Dinah aliweka birika la chai mezani akasema, "Amos, futa hapo. Baba, Bwana Dunn ni sisi. Mimi na Keturah."

Wote mliomo humu mnamjua Bwana Dunn. Ndilo jina lililokuwa juu ya kile kitabu cha mwaka 1846, kilichosimulia habari za kasisi anayekula nyama ya kuchoma huku wachunga kondoo wa parokia yake wakinywa uji mwepesi, na Mchungaji alikilaani mimbarini, akasema aliyekiandika ni mlevi ambaye hajawahi kukaa meza moja na kasisi, na wakati huo Keturah amekaa benchi la mbele, naye ndiye aliyemmiminia chai asubuhi ile. Ilipokaribia tarehe 5 Novemba, siku tunayochoma sanamu ya msaliti kila mwaka, tukaamua safari hii tumchome Bwana Dunn, tukamjaza majani makavu, na kwa kuwa hakuna aliyemshinda Keturah kwa sindano, tukampelekea yeye kazi ya koti.

"Mshonee vizuri, bibie, mlevi wa watu asije akaungua uchi," alisema Mama Oddy, na Keturah akauliza, "Mabega yake mapana kiasi gani?" nasi tukamjibu kwa kicheko, "Jipimie mwenyewe, mnalingana tu!"

Alijipimia. Alilishona koti lile pale dirishani, akatia na vifungo, sanamu ikawaka, tukaimba, watu wakatupia na nakala za kile kitabu, naye alisimama pembeni na Dinah wameshikana mikono, sisi tukadhani ni baridi. Baada ya hapo hakikutoka kitabu kingine, na kile kilichofika nusu kiko chumbani juu mpaka leo. Tunaona aibu, majirani, nami sitatafuta neno zuri zaidi ya hilo. Mchungaji naye, aliposikia, alisema, "Isome hivyo hivyo, Amos. Mimi nitakaa mbele." Na hapo mbele ndipo alipokaa.

Marehemu alishikwa na homa ya mapafu tarehe 28 Januari mwaka huu wa 1849, akafariki Jumapili tarehe 11 Februari, mkono wake ukiwa mkononi mwa mdogo wake.

Tunamshukuru Daktari Pickersgill aliyekuja kila mara kwa kuvuka theluji, tunawashukuru majirani mlioleta supu na kuni, kuni hizi zikiwa za kumpasha joto, na tunamshukuru mwenzake wa kazi, ambaye alikuwa mmoja tu, Dinah.

Keturah Garthwaite, mwandishi wa vitabu, lala salama.