Mwalimu Gibson Mwasandube na Wanafunzi Asioonana Nao

Marehemu Mwalimu Gibson Anyosisye Mwasandube alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957 katika kijiji cha Masoko, Rungwe, mtoto wa tatu wa Mzee Anyosisye na Bibi Tusajigwe, ambao wote wamekwisha kututangulia.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1972. Hakupata nafasi ya kidato cha kwanza, akaajiriwa kupima majani ya chai katika shamba moja karibu na Tukuyu. Huko ndiko alikojiandikisha kusoma kwa njia ya posta. Hakuwahi kuonana na mwalimu wake wa Historia, ila aliujua mwandiko wake. Siku moja, pembeni mwa jibu lake, mwalimu yule aliandika kwa wino mwekundu: “Hapa umefikiri. Endelea.” Marehemu aliyarudia maneno hayo maisha yake yote, hata kwa watoto wake walipokuwa wakimenya viazi.

Alifaulu mtihani wa kidato cha nne mwaka 1978, akasomea ualimu mkoani Iringa, kisha akafundisha katika shule za Kinondoni na Temeke hadi alipostaafu Agosti 2017.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na Atuganile katika kanisa la Moravian, Rungwe. Mungu aliwajalia watoto watatu. Mwaka 2004 familia ilihamia hapa Chanika.

Baada ya kustaafu alianzisha masomo ya sekondari kwa njia ya posta kwa ajili ya walinzi, wasichana wa kazi za ndani na mabinti waliokatishwa shule. Mengi yamesemwa kuhusu shule hiyo, na familia inapenda ukweli ueleweke leo, mbele ya jeneza lake. Marehemu aliamini kwamba cheti chake cha ualimu kilitosha. Hakikutosha, mtoa masomo alipaswa kusajiliwa kwanza. Afisa wa elimu alipomweleza hivyo, Machi 2021, aliacha kupokea wanafunzi siku hiyohiyo. Waliokuwa katikati ya masomo aliwatafutia nafasi katika kituo kilichosajiliwa. Kisha akachukua brashi, akaandika mwenyewe kwenye kibao cha getini: HAIJASAJILIWA. HATUPOKEI WANAFUNZI.

Bi Somoe, anayetuletea samaki kutoka Kunduchi, alisimama pale akashika kiuno. “Mwalimu, hata mie samaki wangu akilala siandiki kwenye ndoo!”

“Ndiyo maana sinunui kwako jioni, Bi Somoe.”

Bi Somoe alicheka, lakini maneno ya mtaani hayakuwa ya kuchekesha. Wapo waliomwita tapeli. Mkewe alimsihi akiondoe kibao kile. Alimjibu, “Mama Bupe, mtu asije akapanda magari mawili kutoka Mabibo kufuata kitu ambacho sina.”

Kisha akaomba usajili, na masharti yake akayatimiza moja baada ya jingine: walimu wenye sifa, mihtasari, ofisi, hata vyoo vya wanafunzi. “Wanafunzi wangu wako Newala na Kibondo,” alimwambia afisa, “choo wanatumia cha kwao.” Afisa alicheka sana, lakini sharti likabaki sharti. Akavijenga. Ndivyo vyoo ambavyo ninyi waombolezaji mmevitumia tangu Jumatano.

Novemba 2023 figo zake zilianza kushindwa kazi, akawa anasafishwa damu kila wiki. Alivumilia bila kulalamika. Aliaga dunia hospitalini alfajiri ya tarehe 14 Mei 2025, mkewe akiwa amemshika mkono. Ukaguzi wa mwisho wa shule ulikuwa umepangwa mwezi ujao. Maombi ya usajili yaliandikwa kwa jina la marehemu, hivyo binti yake Bupe ataanza upya kwa jina lake mwenyewe. Hadi shule itakaposajiliwa, kibao hakitaguswa.

Tangu juzi wamefika msibani watu ambao familia haikuwajua. Mlinzi mmoja ametoka Kibondo na karatasi yake ya mtihani, bado ina wino mwekundu. Alipouliza ni yupi Mwalimu, alionyeshwa picha iliyo juu ya jeneza. Leo wao wanamwona kwa mara ya kwanza. Wao ndio majibu yetu kwa waliosema.

Marehemu ameacha mjane, Atuganile, watoto Bupe, Lusungu na Benson, wajukuu wanne, na dada yake, Margareta.

Mwalimu, umesahihisha vya kutosha. Weka kalamu chini, upumzike kwa amani ya Bwana.