Kocha Ardith Stidham na Dakika Arobaini

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Kama kuna sufuria jikoni, punguzeni moto. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu: Kocha.

Jina lake kamili ni Ardith Stidham. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita, nyumbani kwa mdogo wake Orpha, huku kwetu milimani, mashariki mwa Kentucky. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Mapafu ndiyo yaliyomshinda. Kocha Ardith Stidham, miaka sabini na mmoja.

Alizaliwa bondeni, baba yake mchimba makaa ya mawe. Alipokuwa shule, wasichana hawakuwa na timu za mashindano katika jimbo hili. Wavulana walikuwa na jezi, na basi, na bendi ya kuwapigia. Wasichana walipewa kazi ya kushangilia. Kwa hiyo Ardith, aliyekuja kufundisha mpira wa kikapu kwa karibu miaka thelathini, hakuwahi kucheza hata mechi moja rasmi. Hata moja. Alitundika pete ya pipa kwenye ukuta wa ghala, akawa anatupia mpira wa kaka zake mpaka giza liingie.

Orpha, mdogo wake, alipata bahati zaidi. Alipofika kidato cha mwisho, timu za wasichana zilikuwa zimeruhusiwa, naye alikuwa na mkono mzuri. Akaja kocha mmoja wa chuo kutoka mbali. Akaketi jikoni kwao, akala maharage na mkate wa mahindi, akamletea Orpha koti jipya la sufu. Akaahidi ufadhili wa masomo. Akapeana mikono na baba yao.

Orpha anasema: "Nilingoja barua toka Aprili hadi Agosti. Kila siku nilikuwa kwenye sanduku la posta kabla ya tarishi. Kumbe alishampata mrefu kuliko mimi. Ardith ndiye aliyelichukua lile koti akalitia kwenye jiko la makaa. Koti la sufu, jamani! Nyumba ilinuka wiki nzima."

Hapo ndipo Ardith alipoanza kuzipenda kanuni. Wengine wanaziona kanuni za kusajili wachezaji kuwa kero. Yeye aliziona kuwa ukuta wa kumkinga msichana dhidi ya mtu mzima mwenye koti na maneno matamu.

Mnaofuatilia vyuo mnazijua kanuni hizo. Kuna siku ambazo kocha wa chuo anaruhusiwa kuzungumza na mchezaji wa sekondari. Kuna siku za kumtazama tu akicheza. Na kuna siku za kutomkaribia kabisa. Usimnunulie soda. Usimpe fulana. Usimpakie kwenye gari lako. Mkikutana mlangoni, msalimie, upite. Kila mwaka makocha wanapewa mtihani wa kanuni hizo kabla ya kuruhusiwa kutoka kutafuta wachezaji. Ardith hakuwahi kukosa swali.

Alifundisha sekondari miaka ishirini. Kisha Chuo cha Laurel Gap kikamwita. Kocha aliyemtangulia pale alifukuzwa kwa kugawa zawadi kwa wasichana, na chuo kilikuwa bado kinatumikia adhabu. Walitaka mtu safi. Walimpata. Makocha wenzake wakampa jina la utani, Bi Kanuni. Yeye akacheka, akalichukua.

Sasa nakuja kwenye ile Julai. Mwaka ulikuwa elfu mbili na moja.

Palikuwa na mashindano ya wasichana kwenye ukumbi mmoja, bonde la pili kutoka hapa. Julai, siku za kutazama tu. Ardith alikaa safu ya makocha, daftari magotini. Alikuwa amekuja kumwona msichana mmoja: Tressa Maggard, miaka kumi na saba, mchezesha timu, mwembamba, mwenye pasi za kuudhi watu. Tressa alilelewa na bibi yake, Ova Maggard. Siku ya Ijumaa bibi huyo alikuja na fimbo yake mpaka safu ya makocha, akasimama mbele ya Ardith.

"We mama, si ndiwe wa Laurel Gap?"

"Ndimi, Bibi."

"Unamtazama mjukuu wangu siku nzima kama unataka kumnunua. Mbona husemi?"

"Siruhusiwi, Bibi. Mpaka Septemba."

"Huruhusiwi hata kusema habari za mchana?"

"Habari za mchana naruhusiwa."

"Basi sema!"

"Habari za mchana, Bibi Maggard."

"Nzuri. Miguu inaniua. Kesho siji." Akageuka, akawaambia waliokaa nyuma: "Wamemfunga mdomo, maskini, na uso mzuri hivyo."

Ardith alicheka peke yake mpaka hotelini. Orpha anakumbuka, kwa sababu alimpigia simu kumsimulia.

Jumamosi mvua ikaja. Mnaikumbuka mvua ile. Mechi za mchana zikavunjwa, kila timu ikakimbilia kwao. Ardith akaingia garini kurudi chuoni. Kwenye kituo cha mafuta, njia panda, akamwona msichana amesimama na begi la michezo, amelowa, anainua mkono kusimamisha magari. Ardith akapunguza mwendo. Akashusha kioo nusu. Msichana akaja mbio.

Alikuwa Tressa Maggard.

Ardith akapandisha kioo. Akaondoka.

Wasikilizaji wapendwa, haya siyabuni. Ardith mwenyewe aliyaandika, kurasa nne kwa mkono wake, na Orpha amenisomea zote. Ameandika: "Nilidhani anataka kufikishwa nyumbani tu. Nilidhani atapita mwingine."

Hakwenda mbali. Maili moja mbele, kwenye duka jirani na kanisa, palikuwa na simu ya kulipia. Zile za mkononi hazikushika mtandao katika mabonde yetu miaka ile. Akampigia Bwana Hollis Keene, afisa wa kanuni wa chuo, amwombe ruhusa. Ilikuwa Jumamosi. Mkewe akasema Bwana Keene ameshuka bwawani kuifunga mashua, akirudi atapiga. Ardith akaacha namba. Akasimama chini ya bati, akangoja simu ilie. Akangoja. Dakika arobaini.

Simu haikulia. Ardith akarudi kwenye gari, akageuza.

Tressa alikuwa bado pale pale. Magari yote yalikuwa yanakwenda upande mwingine, yanayakimbia maji. Ardith akafungua mlango. Tressa akaingia bila salamu.

"Nipeleke Sang Branch," akasema. "Maji yameingia kwa bibi. Alipiga simu ukumbini. Hawezi kutembea peke yake kwenye maji. Waokoaji wako bonde jingine, wamesema hawajui watafika saa ngapi."

Ardith ameandika kwamba tangu hapo hakumbuki barabara. Anakumbuka tu mikono ya msichana imelishika begi, maili zote kumi na nne.

Walipofika, daraja lilikuwa limezama. Jirani, mzee mmoja anayeitwa Estill, alikuwa amesimama ukingoni, kamba begani.

"Bibi yuko wapi?" Tressa akapiga kelele.

Mzee hakumtazama. Alimtazama Ardith. "Daraja limezama sasa hivi. Robo saa haijapita. Gari lingepita. Mimi na goti hili... nilimwona barazani, anapunga kitambaa cha meza. Nikamwambia ngoja, Ova, watakuja watu."

Ng'ambo pale palikuwa pamesimama nyumba ya bati, zile zinazovutwa kwa magurudumu. Haikuwapo tena. Palikuwa na maji ya kahawia na ngazi tatu za mbao zisizokwenda popote.

Ova Maggard alipatikana Jumatatu. Alikuwa na miaka sabini na minne.

Jumatatu hiyohiyo Ardith aliingia ofisini kwa Bwana Keene na zile kurasa nne. Nimempata Bwana Keene kwa simu. Amestaafu sasa. Akaniambia walichozungumza.

"Nilimwambia, Kocha, ungempakia tu. Mvua ile? Mtoto yuko barabarani? Ungeniandikia Jumatatu mistari miwili, nami ningeituma, yakaisha. Nani angekugusa?"

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Ningeulizwa.' Nikamwambia, ndiyo, ungeulizwa. Ungejibu. Basi akakaa. Hakulia. Alikaa kwenye kile kiti hadi wafagiaji walipokuja. Tangu siku ile nimejiuliza kwa nini na mimi nilikuwa nafunga mashua."

Wasikilizaji wapendwa, niliweke hili wazi. Hakuna aliyemwadhibu Ardith Stidham. Chuo hakikumwadhibu. Msichana hakuzuiwa kucheza. Jambo ambalo aliliogopa njia nzima halikuwapo.

Septemba ikafika, siku za kuruhusiwa kuzungumza. Ardith alikwenda nyumbani kwa shangazi wa Tressa, msichana alikohamia. Aliomba miadi kwanza. Aliandika tarehe kwenye kitabu. Tressa alimpokea barazani, anamenya maharage mabichi, hakuinuka.

Tressa Maggard ni mtu mzima sasa, anafanya kazi maabara ya hospitali. Alikubali kuzungumza nasi kwa sharti moja: tusimlainishie maneno.

"Nilimwambia, nilikuona ukifunga kioo. Akasema, ndiyo. Nikamuuliza, ulinijua? Nilitaka aseme hakunijua. Ningeweza kuishi na hilo. Akasema, 'Nilikujua. Ndiyo maana nilifunga. Angekuwa msichana mwingine yeyote, ningempakia.'"

Tressa akaacha kumenya. Ardith akamwambia nafasi ya chuo bado ni yake, ada yote, na hati zipo, hazina ujanja.

"Nitacheza," Tressa akasema. "Bibi alitaka nisome. Lakini siwezi kukimbia ukipuliza wewe filimbi."

Ardith akasema, "Sawa." Akashukuru kwa maji ya kunywa, akaondoka. Kesho yake asubuhi aliacha kazi. Barua yake ya kujiuzulu ilikuwa na sentensi moja, na haikumtaja msichana.

Tressa alicheza Laurel Gap misimu mitatu, mpaka goti lilipomshinda. Wengi wenu mlisikiliza mechi zile kupitia kituo hiki. Ardith pia alisikiliza. Hakukanyaga ukumbi ule tena. Alikaa jikoni kwa Orpha na redio na penseli, anaandika kila pasi ya Tressa. Timu ikipoteza mpira alikuwa anaifokea redio kama zamani. Tressa akiumia, anazima, anatoka nje.

Na kazi? Aliendesha gari la wilaya la kuwapeleka wazee hospitalini. Miaka kumi na sita. Baadhi yenu aliwabeba mama zenu.

Orpha anasema: "Kwenda naye popote ilikuwa adhabu. Kila mtu aliyesimama kando ya barabara, lazima tusimame. Nikamwambia, Ardith, yule anamngoja mbwa wake akojoe! Hataki kusikia. Anashusha kioo, anauliza, 'Unakwenda wapi?' Kanisani tulichelewa miaka yote. Nilimcheka sana. Siku moja nikamwambia, dada, inatosha sasa. Akaniambia, 'Haitoshi, Orpha. Usinidanganye.' Sikurudia tena."

Je, aliwahi kuzilaumu kanuni? Nilimuuliza Orpha hivyo. Akatikisa kichwa. Anasema mara moja tu kocha kijana alikuja nyumbani, akasema kanuni ndizo zilizomuua bibi yule. Ardith alimkatiza. "Kanuni haikuwa na mguu kwenye pedali ya mafuta. Mimi nilikuwa nao."

Alhamisi jioni tulikwenda kumuaga. Chumba cha nyumba ya mazishi kilijaa. Wazee wa lile gari la wilaya walikuwapo, wengine na mitungi yao ya oksijeni. Wasichana wake wa sekondari walikuwapo, wana mvi sasa. Waliongea kwa sauti ya chini, wakala keki, wakaanza kuondoka.

Karibu na mwisho aliingia mwanamke mwembamba, amevaa sare ya hospitali. Alisimama nyuma, karibu na makoti. Hakusogea kwenye jeneza. Orpha alimwona, akamwendea, akamshika mkono. Hawakuwa wamewahi kuzungumza.

Orpha akamuuliza, kwa kuwa Orpha ni Orpha: "Mwanangu, umemsamehe?"

Tressa aliangalia jeneza kule mbele.

"Sijui, Bi Orpha. Nimetoka kazini, nikajikuta nimekuja. Hayo mengine sijayafikia."

Akasaini kitabu cha wageni. Jina tu. Akatoka.

Bi Orpha, pole. Wewe na ukoo wote wa Stidham, poleni sana. Kituo hiki kinaomboleza pamoja nanyi. Na kwako Tressa Maggard, kama umefungulia redio, pole kwa kumpoteza bibi yako. Tumechelewa mno kukuambia hadharani. Ova Maggard, miaka sabini na minne. Ardith Stidham, miaka sabini na mmoja. Tunawataja wote wawili jioni hii.

Wasikilizaji wapendwa, najua wengine wenu mko barabarani sasa hivi, redio mnaisikia garini. Huko nje mvua imeanza. Pengine kuna mtu umempita, na una sababu yako, na ni sababu nzuri. Sikuhukumu. Nakuomba tu uangalie mbele kidogo, kama kuna mahali pa kugeuzia gari.