Zagorka Manusheva, Aliyesikiliza Watoto Wakimeza

Zagorka alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 kijijini Rusinovo, karibu na mji wa Berovo, binti wa kwanza wa Krume, mkata mbao, na mkewe Tronda. Alisoma hapo kijijini hadi darasa la nane, akimshika mkono njia nzima mdogo wake Rajna, anayewasomea maneno haya. Mwaka 1968 akaajiriwa kushona kola za mashati kiwandani.

Tarehe 6 Mei 1973 alifunga ndoa na Done Manushev, dereva wa lori la mbao, akahamia kwa wakwe. Mwana wao Sveto alizaliwa tarehe 2 Februari 1975.

Yanayofuata marehemu mwenyewe aliagiza yasomwe leo, wala yasipunguzwe.

Sveto alilia wiki tisa. Kila akimaliza kunyonya, tumbo lilikaza kama ngoma na miguu ikakunjika hadi kifuani. Done alikuwa safarini. Mama mkwe, Sultana, alileta chai ya shamari, akamkanda mtoto kwa mafuta, wapi! “Maziwa yako sumu, mkwe,” alimwambia Zagorka mbele ya majirani. Ikanunuliwa chupa, chuchu yake ikapanuliwa tundu kwa sindano ya moto ili ashibe upesi. Mtoto akapaliwa, akazidi kulia. Zagorka akaanza kuziba masikio kwa pamba.

Jumatano, tarehe 9 Aprili, Sultana akiwa bustanini, Zagorka alimlaza mwanawe akilia vilevile, akavaa koti, akapanda basi la kwenda mji wa Delchevo. Hakukusudia kurudi. Njiani kichanga cha abiria mwingine kilianza kulia, na maziwa yakamchuruzika Zagorka mpaka koti likalowa. Akapiga kelele basi lisimame. Alirudi kwa miguu, kilomita kumi na moja.

Sultana alikuwa mlangoni, mtoto begani, sauti imemkauka kwa kulia.

“Ulikuwa wapi, wewe?”

“Nilikuwa nawakimbia.”

Sultana akakaa kwenye ngazi. “Hata mimi nimeshindwa, binti yangu.”

Wakaenda pamoja kliniki. Muuguzi Evdokija hakuuliza habari za maziwa. “Mnyonyeshe nione,” alisema, akainamisha sikio. “Mnasikia? Tk, tk, tk. Ameshika ncha tu. Hewa anayomeza ndiyo inayomtesa tumboni.” Akamgeuza mtoto, tumbo lake likagusana na la mama, akangoja kinywa kiachame kabisa, kisha akamsogeza kidevu kwanza hadi kinywa kikajaa titi. Mlio ule ukakoma.

“Kwa hiyo si sumu?” Zagorka aliuliza.

“Nani kakudanganya?”

Sultana alitazama sakafu.

Kilio hakikuisha siku hiyo. Zilipita siku kumi kabla Sveto hajalala mchana mzima, na mama yake alikuwa akimwamsha kuhakikisha kwamba yu hai.

Mwaka 1978 Zagorka aliacha kiwanda, akaenda kusomea uuguzi mjini Shtip. Tangu 1982 hadi 2015 alizunguka nyumba za wazazi wapya. Kijijini Ratevo alimkuta baba akimsimamishia mwanawe chupa mdomoni. Akamlaza baba huyo kichwa nyuma, akammiminia mdomoni maji ya jagi. Alipokohoa, Zagorka akamwambia, “Pole, bwana. Mwanao ndivyo anavyokunywa. Mkalishe wima, laza chupa, mwache apumzike.” Wapo watoto ambao hata yeye hakuweza kuwatuliza. Kwa hao alikaa, akambeba mtoto, mama akalala.

Oktoba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Madaktari wa Skopje walisema tumechelewa. Tulihangaika kila mahali, tukawapigia simu hata tusiowajua, huku yeye akikonda mbele ya macho yetu. Mwezi Aprili alimwita Sveto na kumweleza habari ya basi lile, siri ya miaka arobaini na tisa.

“Nilikuacha, mwanangu. Nilikuacha ukilia.”

Sveto, mtu wa miaka hamsini kasoro, alipiga magoti kando ya kitanda. “Mama, kumbe ulitembea kilomita zote hizo?”

“Nilikimbia,” alisema.

Alifariki asubuhi ya Ijumaa, tarehe 17 Mei 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mwanawe.

Ameacha mume, Done, watoto wawili, Sveto na Lenche, wajukuu wanne, na mdogo wake Rajna. Udongo wa Rusinovo uwe mwepesi juu yake, na Mungu ampe pumziko.