Mama Kelele wa Chumba cha Mitambo

Ndugu mliokuja kumzika pamoja nasi, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuyasoma maisha yake, na nitayasoma bila kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi redio na mshona nguo, akasoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, sekondari hadi 1978, kisha akahitimu stashahada ya umeme mwaka 1982, mwanamke pekee darasani.

Tarehe 2 Mei 1983 aliajiriwa kuwa fundi wa chumba cha mitambo katika kituo cha darubini ya redio, ile inayosikiliza mawimbi ya kutoka angani, mwaka 1986 akaolewa na shemeji yetu, mpima ardhi, wakajaliwa binti mmoja, huyu aliyeketi hapa mbele na daftari la mama yake mapajani.

Katika daftari hilo, tarehe 11 Agosti 1994, dada aliandika kwamba galaksi tano ndogo, zinazozaa nyota mpya, ambazo wakubwa walidai ni hafifu mno kusikika, zinatoa mawimbi ya redio, madogo lakini yale yale kila siku, na mkuu wa kituo akayapiga maandishi hayo mstari mwekundu, akaandika "kelele", akasema dada amenasa maikrowevu ya kantini. Dada hakubishana, alikwenda akaichomoa, wenzake wakala chakula cha baridi siku tisa, wakambandika jina la Mama Kelele, na mawimbi yakabaki pale pale. Miaka minne baadaye galaksi hizo hizo zilitoka katika jarida la sayansi kwa jina la mkuu, na dada akashukuriwa mwishoni kama "fundi wetu mchangamfu". Inaniuma mpaka leo, maana dada hakuwa mchangamfu hata kidogo.

Alistaafu mwaka 2021, figo zikamsumbua kuanzia Januari 2023, na wodini aliomba jambo moja tu, mkuu alifute neno lile kwa mkono wake, binti akampelekea daftari mara mbili, mara zote mbili akaambiwa yuko kikaoni, na tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, dada akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kufua, wafanyakazi wenzake, na mkuu mstaafu, ambaye leo hana kikao, daftari liko pale mbele, na kalamu ipo.

Pumzika kwa amani, dada, haikuwa kelele.